Mpenzi wa Zamani Anapotishia Kukubambikia Kesi Nchini India

Ujumbe wa namna hii aghalabu huingia usiku. Kijana wa Dodoma anayesoma Pune, ambaye katika makala haya ni mfano tu na si mtu fulani, anaamka na kukuta kwenye simu maneno ya mwanamke waliyeachana naye miezi miwili iliyopita na ambaye sasa amehamia Delhi: rupia laki tano ziwe zimeingia kwenye akaunti kabla ya Ijumaa jioni, la sivyo Jumamosi asubuhi anakwenda kituo cha polisi kusema kwamba alibakwa. Laki ya Kihindi na laki yetu ni neno moja na hesabu ni ileile, kwa hiyo kijana haelewi vibaya anachodaiwa. Kinachomchanganya ni kingine. Anamuuliza wakili swali ambalo karibu kila mtu katika hali yake huanza nalo: je, mahakama haiwezi kumzuia huyu mtu asifungue kesi ya uongo?

Haiwezi. Kifungu cha 41(d) cha Specific Relief Act ya mwaka 1963 kinaikataza mahakama ya madai kutoa zuio la kumzuia mtu yeyote kufungua au kuendesha shauri la jinai. Sababu yake inaeleweka mtu akitulia na kuifikiria, kwani kama tajiri angeweza kumziba mdomo mlalamikaji kabla hajafika polisi, waathirika wa kweli wangekuwa wa kwanza kuumia. Kwa hiyo msaada unaopatikana ni wa namna nyingine: kuhakikisha kwamba kitisho chenyewe kimeandikwa mahali rasmi, kwamba ushahidi hautapotea, na kwamba siku tuhuma itakapofika mtuhumiwa hatalala rumande kabla hajasikilizwa.

Kabla ya kuingia katika hatua hizo, msomaji anapaswa kutahadharishwa kuhusu namba za vifungu, maana mtandao umejaa maelezo yaliyopitwa na wakati. Tarehe 1 Julai 2024 India iliacha kutumia sheria zake kuu tatu za jinai na kuweka mpya. Bharatiya Nyaya Sanhita, yaani BNS, ilichukua nafasi ya kanuni ya adhabu ya mwaka 1860. Bharatiya Nagarik Suraksha Sanhita, yaani BNSS, ikachukua nafasi ya sheria ya mwenendo wa jinai ya 1973. Na Bharatiya Sakshya Adhiniyam ikachukua nafasi ya sheria ya ushahidi ya 1872, ileile ambayo Sheria ya Ushahidi ya Tanzania ya 1967 ilichota mengi kutoka kwake. Kilichokuwa kifungu cha 498A, kuhusu ukatili wa mume na ndugu zake dhidi ya mke, sasa ni vifungu vya 85 na 86 vya BNS. Mtego mbaya zaidi uko kwenye namba 482. Katika sheria ya zamani namba hiyo ilikuwa ya kuiomba Mahakama Kuu ifute kesi, na katika sheria mpya namba hiyohiyo ni ya dhamana ya kabla ya kukamatwa, ilhali ombi la kufuta kesi limehamia kifungu cha 528. Anayenakili ushauri wa mwaka 2019 bila kuangalia tarehe ataomba kitu asichokikusudia.

Tuhuma zinazotumika zaidi kama fimbo katika ugomvi wa watu walioachana ni tatu. Ya kwanza ni ubakaji. Ya pili ni ile ya kifungu cha 69 cha BNS, kilichoanza na sheria mpya, kinachomwadhibu hadi miaka kumi mwanamume aliyefanya mapenzi na mwanamke kwa hila, ikiwemo ahadi ya ndoa ambayo hakuwa na nia ya kuitimiza. Ya tatu, kwa waliokuwa wameoana, ni ukatili wa mume, wenye adhabu ya hadi miaka mitatu. Zote hazina dhamana ya moja kwa moja kituoni, na kwa zote polisi wanaweza kukamata bila hati ya mahakama. Hapo ndipo kitisho kinapopata makali yake: anayetishiwa haogopi sana hukumu ya miaka sita ijayo, anaogopa Jumamosi.

Haki inadai tuseme jambo hapa. Sheria hizi zilitungwa kwa sababu nzito, na tuhuma haigeuki kuwa ya uongo kwa kuwa tu imetolewa baada ya uhusiano kuvunjika. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya India, katika shauri la Sushil Kumar Sharma, ilionya kwamba matumizi mabaya ya kifungu cha 498A yanaweza kuzaa ugaidi wa kisheria, lakini katika hukumu hiyohiyo ilikataa kukibatilisha. Mtu anayesoma makala haya huku akijua moyoni kwamba aliahidi ndoa ili apate alichokitaka anahitaji wakili wa utetezi wa kawaida, na mbinu zinazofuata hazikukusudiwa yeye.

Turudi kwenye ule ujumbe wa usiku. Kumwambia mtu "nitakushtaki polisi" peke yake si kosa, kwa kuwa kwenda polisi ni haki ya kila mtu. Kitisho kinakuwa jinai kinapoambatana na mojawapo ya mambo mawili: madai ya fedha au mali, au nia ya kumtia mtu hofu ya madhara yasiyo halali ili afanye asichowajibika kukifanya, kwa mfano kurudiana, kufuta kesi ya talaka au kuachia malezi ya mtoto. Hali ya pili inaangukia kifungu cha 351 cha BNS, ambacho adhabu yake ya kawaida haizidi miaka miwili na ambacho polisi, kwa mujibu wa jedwali la BNSS, hawawezi kukipeleleza bila amri ya hakimu. Hali ya kwanza ni kujipatia mali kwa vitisho, kifungu cha 308, na hapa sheria ina meno kweli. Fedha zikiwa zimetolewa, adhabu ni hadi miaka saba. Na ikiwa kilichotumika kumtisha mtu ni tuhuma ya kosa lenye adhabu ya kifo, kifungo cha maisha au kifungo kinachoweza kufika miaka kumi, vijifungu vya 6 na 7 vya kifungu hicho vinapandisha adhabu hadi miaka kumi, hata kama senti moja haijalipwa bado.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa kijana wetu. Aliyetishiwa tuhuma ya ubakaji, au ya ahadi ya uongo ya ndoa, yuko ndani ya kijifungu cha 6 tangu ujumbe ulipoingia. Mume aliyetishiwa kesi ya ukatili hayumo, kwa kuwa kosa lenyewe lina miaka mitatu tu, na atabaki na sehemu nyepesi zaidi za kifungu cha 308. Wala sheria hii haichagui jinsia. Mwanamke anayetishiwa na mtalaka wake kwamba atabambikiwa kesi ya wizi wa dhahabu ya ukoo asipoacha kudai matunzo anaweza vilevile kukitumia kifungu cha 351.

Sasa ushahidi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kesi nyingi za namna hii huharibikia kwenye simu ya mkononi kabla hazijafika kwa wakili. Kosa la kwanza la watu ni kufuta mazungumzo kwa aibu. Pamoja na kitisho hufutwa pia miezi kumi na minane ya salamu za asubuhi, picha za safari na mipango ya pamoja, yaani vitu vilevile ambavyo vingemwonyesha hakimu kwamba uhusiano ulikuwa wa hiari. Kosa la pili ni kupiga picha ya skrini, kuituma kwa rafiki, kisha kuuza simu. Kifungu cha 63 cha sheria mpya ya ushahidi kinataka nakala ya kielektroniki iambatane na cheti chenye sehemu mbili, moja ikisainiwa na mwenye kifaa au anayekisimamia na nyingine na mtaalamu, pamoja na alama ya hashi, ambayo ni mfuatano wa herufi na tarakimu unaobadilika mtu akigusa hata nukta moja ya faili. Mahakama ya Juu ilikwisha kusema mwaka 2020, katika shauri la Arjun Panditrao Khotkar, kwamba cheti hicho ni cha lazima isipokuwa kifaa chenyewe kikiletwa mahakamani. Simu iliyopokea kitisho, basi, iwekwe ilivyo. Mazungumzo yahamishwe yote, si yale matamu pekee. Na pembeni iandikwe orodha ya tarehe yenye risiti za hoteli, tiketi za treni na miamala ya benki, ili ionekane nani alikuwa wapi siku inayodaiwa.

Kurekodi simu kunawatia watu wasiwasi. Mwezi Julai 2025, katika shauri la Vibhor Garg, Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mazungumzo ya wanandoa yaliyorekodiwa kwa siri yanaweza kupokelewa kama ushahidi katika kesi ya talaka. Hilo halimaanishi kwamba kila rekodi itapokelewa katika kila shauri, ila mawakili hawaogopi tena kama zamani kuwaambia wateja wahifadhi sauti za mazungumzo ambayo wao wenyewe walishiriki.

Jambo moja lisifanyike hata kidogo: kuuanika ugomvi hadharani ili kujisafisha. Kifungu cha 72 cha BNS kinaadhibu kwa hadi miaka miwili kutangaza jina au chochote kinachoweza kumtambulisha mtu anayedaiwa kubakwa, na mtuhumiwa aliyebandika picha ya mlalamikaji mtandaoni ili "dunia ijue ukweli" anakuwa ametenda kosa la kweli wakati akijitetea dhidi ya kosa la uongo. Kujibu kitisho kwa kitisho kuna hatari hiyohiyo. Kulipa nako hakumalizi kitu. Karatasi ya mapatano iliyopigwa muhuri haiwafungi polisi, na ingawa tangu shauri la Gian Singh la 2012 Mahakama Kuu zinaweza kufuta kesi za kifamilia baada ya pande mbili kupatana, ubakaji ulitajwa humo miongoni mwa makosa mazito yasiyofutwa kwa njia hiyo.

Ushahidi ukishakuwa salama, hatua inayofuata ni malalamiko ya maandishi kituoni, yakieleza kitisho, tarehe, kiasi kilichodaiwa na nakala za ujumbe. Mlalamikaji asiondoke dirishani bila nakala yake kugongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Polisi wakikataa kuandika ile taarifa ya kwanza ambayo India nzima huiita FIR, malalamiko yapelekwe kwa maandishi kwa mkuu wa polisi wa wilaya, kisha kwa hakimu chini ya kifungu cha 175(3) cha BNSS, safari hii yakiwa na hati ya kiapo. Hukumu ya Lalita Kumari ya 2013 inawalazimisha polisi kuandikisha kosa kubwa linapodhihirika katika maelezo, ingawa inawaruhusu kufanya uchunguzi mfupi kwanza katika migogoro ya ndoa na familia. Watu hutarajia makubwa mno kutokana na malalamiko haya. Hayatamzuia yule mwanamke kwenda kituoni Jumamosi. Thamani yake iko kwenye tarehe: tuhuma inayoibuka Jumamosi, siku nne baada ya polisi kupokea kwa maandishi habari kwamba ingeibuka Jumamosi isipolipwa laki tano, inasomwa kwa jicho jingine na hakimu wa dhamana.

Na hapo tumefika kwenye kinga yenyewe, dhamana ya kabla ya kukamatwa. Kifungu cha 482 cha BNSS kinamruhusu mtu mwenye sababu za kuamini kwamba anaweza kukamatwa kwa kosa lisilo na dhamana aende Mahakama ya Sesheni, ile ya wilaya inayosikiliza makosa makubwa, au Mahakama Kuu, na kuomba amri kwamba akikamatwa aachiwe kwa dhamana. Kesi si lazima iwe imeandikishwa. Hilo lilitamkwa na jopo la majaji watano mwaka 1980 katika shauri la Gurbaksh Singh Sibbia, na jopo jingine la majaji watano, katika shauri la Sushila Aggarwal la 2020, likaongeza kwamba kwa kawaida dhamana hiyo isiwekewe ukomo wa muda. Lakini hofu ya jumla haitoshi, na waombaji wanaokwenda na maneno "naogopa atanifanyia kitu" hurudishwa. Ombi la kijana wetu linasimama kwa sababu lina ujumbe wenye siku, saa na kiasi, pamoja na malalamiko yenye muhuri. Mahakama kwa kawaida itampa masharti: asimkaribie mlalamikaji, afike kwa mpelelezi anapoitwa, asitoke nchini bila ruhusa.

Ugumu mmoja unabaki. Yeye yuko Pune, katika jimbo la Maharashtra, na kesi ikifunguliwa itafunguliwa Delhi, karibu kilomita elfu moja na mia nne kutoka huko. Kwa miaka mingi mahakama zilitofautiana kama mahakama ya jimbo moja inaweza kumlinda mtu dhidi ya kesi ya jimbo jingine. Novemba 2023, katika shauri la Priya Indoria, ambalo lenyewe lilizaliwa na ugomvi wa ndoa, Mahakama ya Juu ilisema inawezekana, kwa kinga ya muda mfupi ya kumwezesha mwombaji kufika mahakama yenye mamlaka. Yapo pia makosa ambayo mlango huu umefungwa au umebanwa. Sheria inaufunga kwa kosa la ubakaji wa msichana aliye chini ya miaka 16, na sheria ya 1989 inayolinda jamii za Dalit, yaani wanaobaguliwa katika mfumo wa matabaka, na makabila ya asili inaufunga pia, isipokuwa maelezo ya mlalamikaji yenyewe hayaonyeshi kosa lolote.

Kesi ikiandikishwa, mambo hutegemea uzito wa kosa. Kwa makosa ya hadi miaka saba, ukatili wa mume ukiwemo, hukumu ya Arnesh Kumar ya Julai 2014 iliwataka polisi waache kukamata kwa mazoea na badala yake watoe wito wa kufika, ambao leo uko katika kifungu cha 35(3) cha BNSS. Na Januari 2025 Mahakama ya Juu ikafafanua kwamba wito huo hauwezi kutumwa kwa WhatsApp na kuhesabika umefika. Anayepokea wito halali afike akiwa na wakili, kwa maana kutofika ndiko kunakompa mpelelezi sababu ya kukamata. Akikamatwa, lazima aelezwe sababu na afikishwe kwa hakimu ndani ya saa 24, hiyo ikiwa ni amri ya ibara ya 22 ya Katiba. Aliye mahabusu ana haki ya wakili wa bure bila kuangaliwa kipato chake, chini ya sheria ya msaada wa kisheria ya 1987. Kwa raia wa Tanzania au Kenya kuna nyongeza: Mkataba wa Vienna wa 1963 unampa haki ya kutaka ubalozi wake ulioko New Delhi uarifiwe. Polisi huwa hawakumbuki jambo hili wenyewe; mtu aliseme kwa sauti na aombe liandikwe.

Njia ya kuiondoa kesi kabla ya kusikilizwa ni ombi kwa Mahakama Kuu chini ya kifungu cha 528. Kipimo chake bado ni hukumu ya Bhajan Lal, iliyoorodhesha aina saba za kesi zinazostahili kufutwa, ikiwemo ile iliyofunguliwa kwa nia mbaya dhahiri ya kulipiza kisasi. Katika tuhuma za ahadi ya ndoa, hukumu ya Pramod Suryabhan Pawar ya 2019 ilitenganisha ahadi iliyokuwa ya uongo tangu ilipotamkwa na ahadi ya kweli iliyovunjika baadaye kwa sababu za maisha. Ya pili si kosa la jinai. Wakwe na mashemeji waliounganishwa bila kutajiwa tendo lolote mahususi hupata nafuu kirahisi zaidi kuliko mume mwenyewe.

Kuhusu kumgeuzia kibao aliyesema uongo, matarajio yapunguzwe. Kifungu cha 217 cha BNS kinaadhibu taarifa za uongo kwa mtumishi wa umma, na cha 248 kinaadhibu hadi miaka kumi aliyefungulisha kesi ya uongo ya kosa kubwa. Hata hivyo kifungu cha 215 cha BNSS kinaweka ukuta: mahakama haipokei mashtaka hayo ila kwa malalamiko ya maandishi ya mtumishi husika, au ya mahakama yenyewe pale uongo ulipohusu shauri lililo mbele yake, na mtu binafsi anachoweza ni kuiomba mahakama ichukue hatua chini ya kifungu cha 379. Kuachiwa huru kwa ukosefu wa ushahidi hakuthibitishi kwamba mlalamikaji alidanganya, na mahakama nyingi huishia hapo.

Inabaki fidia kwa kushtakiwa kwa hila, shauri la madai ambalo aliyeshtakiwa hulifungua mwenyewe. Anapaswa kuthibitisha kwamba mdaiwa ndiye aliyesababisha kesi, bila sababu ya msingi, kwa nia mbaya, kwamba ilimalizika kwa faida yake, na kwamba alipata hasara: muhula wa chuo uliopotea, ada, gharama za mawakili. Sheria ya ukomo ya 1963 inampa mwaka mmoja tu kuanzia siku alipoachiwa huru au kesi ilipofutwa. Kijana wetu anayetoka mahakamani Delhi akapanda ndege kwenda Dodoma kupumzika na wazazi anapaswa kuondoka akiwa amesaini hati ya uwakilishi kwa wakili wake, kwani kalenda hiyo haisimami wakati yuko nyumbani.